Viganja Vikiwa Vyeupe, Usingoje Kesho

Ndugu msomaji, mtu akiugua ghafla wengi wetu husema, "Tungoje, huenda kesho atapata nafuu." Mimi naona yuko mtoto asiyefaa kungojeshwa hata siku moja. Ni mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu.

Sikiliza sababu. Kuna kirusi kidogo sana kiitwacho pavo B19. Daktari Yvonne Cossart na wenzake walikigundua London mwaka 1975. Huenea kwa kukohoa na kupiga chafya. Wengi wetu hukipata tungali watoto. Mtoto mwenye afya hupata homa kidogo, na mashavu huwa mekundu kama aliyepigwa kofi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Watu wazima, hasa akina mama, huumwa vidole, vifundo vya mikono na magoti kwa wiki kadhaa, kisha hupona.

Basi hatari iko wapi? Iko katika damu. Chembe nyekundu za damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Kirusi hiki huisimamisha kazi hiyo kwa wiki moja hivi. Chembe za mtu mwenye afya huishi siku 120 hivi, kwa hiyo ana akiba. Za mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Mtungi unaovuja usipotiwa maji, hukauka upesi.

Je, utajuaje? Tazama viganja na ulimi wa mtoto, ulinganishe na vyako. Vikiwa vyeupe, naye amelegea na anahema upesi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Huko ataongezewa damu. Baada ya siku chache uboho huanza kazi tena, na mtoto hupona. Ndugu zake wenye selimundu nao waangaliwe, maana kirusi huambukiza.

Wengine watasema mtoto amerogwa. Huko ni kupoteza saa, na saa ndiyo dawa. Wengine watasema nauli hakuna. Hilo ni kweli kwa wengi. Lakini kijiji kikipata msiba, sote huchanga. Kwa nini tusichange nauli kabla ya msiba? Kwa nini wenye afya tusitoe damu?

Ndugu msomaji, lizungumzeni jambo hili darasani. Ulizaneni: katika kijiji chetu, ni nyumba zipi zina mtoto mwenye selimundu, na nani atawasaidia usiku?