NAMBA YA UKURASA NI AMANA



Shukrani zote zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, na wazee wetu mnaotulea, maudhui yangu mwaka huu huenda yakaonekana madogo. Nataka kusema juu ya namba za kurasa, na yale maneno tunayoyaandika juu ya kila ukurasa wa karatasi zetu za masomo.

Tulipokuwa tukijitayarisha na mtihani wa mirathi, darasa letu lilitoa fotokopi ya maelezo ya karatasi 12 katika duka moja la Darajani. Hazikuwa na namba. Feni ikazipeperusha, tukaziokota na kuzipanga kwa kukisia. Ukurasa mmoja ulimalizikia kwa kusema kuwa fungu la mke ni robo. Uliotakiwa kufuata ulianza na sharti lake: ikiwa marehemu hakuacha mtoto, na akiwa ameacha, basi ni thumuni. Sisi tuliweka baada yake ukurasa ulioanza na fungu la mama. Maneno yalisomeka vizuri kabisa, hakuna aliyeshtuka. Siku ya mtihani wengi wetu tulimpa robo mke aliyeachiwa watoto watano. Maalim alidhani hatukusoma, kumbe tulisoma sana, ila tulisoma karatasi zilizopangwa vibaya.

Ule ulikuwa mtihani tu. Je, ingekuwa ni nyumba ya mayatima inayogawiwa?

Wako wanaosema kuwa masheikh wa zamani hawakuandika namba na elimu ikatufikia. Ni kweli kwamba miswada mingi ya mkono haina namba, lakini si kweli kwamba waliiacha bila ya alama. Walikuwa na taaqiba. Chini ya ukurasa wa kulia, kwenye pembe ya kushoto, mwandishi aliandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Kurasa zikiachana, msomaji hutafuta neno lile na kulikutanisha na mwenzake. Lau maelezo yetu yangekuwa na taaqiba, neno "ikiwa" lingetuokoa. Wazee walikuwa na utaratibu wao. Sisi tumeuacha wa kwao na wa sasa hatujaushika.

Hapa hapa Unguja, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alianzisha matbaa iliyochapa vitabu vya dini. Miongoni mwa vilivyoanza kuchapwa ni Qamus al-Sharia, kitabu chenye juzuu zinazokaribia 90. Mtu atafuteje mas-ala moja ndani ya bahari kama ile bila ya alama za kumwongoza?

Tazameni pia msahafu wa Madina tunaohifadhia. Una kurasa 604, na kila ukurasa humalizikia mwisho wa aya. Juu yake pana jina la sura upande mmoja na juzuu upande wa pili. Juzuu ya pili huanza ukurasa wa 22, ya tatu wa 42, na Juzuu Amma wa 582. Ndiyo maana ustadhi akitaja ukurasa, darasa zima hufungua pamoja. Fungueni ukurasa wa 48. Mtaukuta umejaa aya moja tu, ya 282 ya Suratul-Baqara, ndefu kuliko aya zote, inayotuamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Kwa maoni yangu, kupanga karatasi hata zisiweze kubadilishwa ni katika uadilifu huo.

Basi napendekeza mambo manne.

Kwanza, kila karatasi iandikwe namba yake pamoja na jumla: ukurasa wa 3 kati ya 12. Kwa maelezo ya darasani inatosha namba peke yake, lakini wasia, hesabu ya mirathi na hati ya deni haziachi kuhitaji jumla. Bila ya jumla, karatasi ya mwisho ikitolewa au nyengine ikiongezwa, nani atajua?

Pili, namba iwekwe chini katikati. Karatasi za Kiswahili hubanwa pini kushoto, za Kiarabu kulia, na mashine ya fotokopi hukata pembeni. Katikati husalimika.

Tatu, tuchague tarakimu za aina moja. Karatasi ikiwa ya Kiarabu, tarakimu zake na zihesabiwe kutoka kulia. Ikiwa ya Kiswahili yenye aya ndani yake, ihesabiwe kutoka kushoto kwa tarakimu za skuli. Tukichanganya, ٥ itasomwa sifuri na ٦ itasomwa saba.

Nne, na hapa najua baadhi yenu hamtakubaliana nami, juu ya kila ukurasa tuandike jina la somo, darasa na tarehe, basi. Wako wanaoweka Bismillahi na aya juu ya kila ukurasa kwa kutaka baraka. Nia yao ni njema, lakini karatasi zetu tunajua zinakoishia. Mimi nimewahi kununua karanga zilizofungwa kwa karatasi yenye jina la Allah. Bismillahi ikae ukurasa wa kwanza, tuuhifadhi ukurasa huo kwa heshima, na kurasa nyengine zisibebeshwe kisichoweza kulindwa.

Wenye kompyuta waiachie kompyuta yenyewe iweke namba, maana ukiziandika mwenyewe, ukiongeza mistari miwili tu zote huhama. Asiye na kompyuta ana kalamu, na kalamu haina gharama.

Ndugu zangu, anayekuja kusoma karatasi yako huenda hakujui, wala hana pa kukuuliza. Huenda wewe umeshatangulia mbele ya haki. Mwachie njia iliyo wazi.

Nikikosea, ni kutokana na nafsi yangu. Nikipatia, ni kwa taufiki ya Allah (S.W.).

Wabillahi taufiq.