Mgonjwa wa Mapafu Akatazwe Kutembea?

Mama mmoja wa jumuiya yetu ana shinikizo la damu katika mishipa ya mapafu. Wanawe, kwa mapenzi, wamemkataza hata kupanda ngazi. Tumeulizwa kama wamefanya sawa.

Maradhi haya siyo presha ile ipimwayo mkononi. Mishipa ipelekayo damu mapafuni hubana, na upande wa kulia wa moyo hutaabika kuisukuma. Ndiyo maana mgonjwa hutweta kwa jambo dogo. Zamani madaktari wenyewe waliamuru mapumziko, nasi tungewaunga mkono wana hao. Lakini mwaka 2006 madaktari wa Heidelberg, Ujerumani, walitangaza habari za wagonjwa 30 waliokuwa wakitumia dawa. Nusu yao walifanya mazoezi wiki 15, tatu hospitalini na zilizobaki nyumbani: baiskeli isiyokwenda, kutembea, vyuma vyepesi, na kuvuta pumzi. Walipopimwa mwendo wa dakika 6, walizidisha mita 96 kwa wastani. Wenzao waliopumzika walirudi nyuma kidogo.

Mwongozo wa madaktari wa Ulaya wa 2022 unayapendekeza mazoezi hayo kwa mgonjwa atumiaye dawa, chini ya usimamizi wa wataalamu.

Basi wasimfungie mama ndani, wala wasimpeleke uwanjani kwa rai yao. Wamwombe daktari wake nafasi ya mazoezi hayo. Akishikwa na kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache papo hapo, na daktari aarifiwe. Na ngazi? Hilo nalo aulizwe daktari. Sisi tulisomesha watoto, hatukusomea tiba.