Taa Ile Haikusema Oili Imepungua

Wahenga walinena kuwa mjumbe hauawi. Nakubaliana nao, ila naongeza: kabla ya kumwamini mjumbe au kumkana, sharti tujue ametumwa aseme nini. Somo hili nililipata gereji mjini Morogoro, siku taa nyekundu yenye picha ya birika ilipowaka kwenye dashibodi ya gari langu, ikakataa kuzimika.

Kama wengi wetu, taa ile nimezoea kuiita "taa ya oili". Jina likaniongoza: nikanunua lita moja, nikaongeza, nikaendelea na safari. Taa haikujali.

"Mwalimu, ulipoiona ulizima gari?" fundi aliniuliza.

"Niliongeza oili."

"Taa haikuomba oili. Hiyo ni taa ya presha. Oili inaweza kujaa humo ndani na bado isipande juu."

Akanieleza. Oili hukaa chini ya injini, na pampu huisukuma hadi kwenye beringi za krenki. Msukumo ukikosekana, chuma husuguana na chuma, na baada ya muda mfupi injini hunoki. Ningekuwa na hitilafu ya kweli, safari yangu ile ingeniua injini huku oili ikiwa tele.

Alianza kwa kuchomoa kijiti cha kupimia: oili ilikuwa imevuka alama ya juu, kwa mkono wangu mwenyewe. Akaipunguza. Akachomoa waya wa sensa. Taa ikazimika, akajua kwamba waya haukugusa bodi mahali popote. Kisha akafungua sensa yenyewe, akafunga geji mahali pake, akawasha injini na kuiacha ipate moto. Mshale ulisimama juu ya kiwango cha chini kilichoandikwa katika kitabu cha gari, na alipokanyaga mafuta, ukapanda.

"Injini nzima. Mwongo ni huyu," alisema, akinionyesha sensa iliyovuja oili hadi kwenye soketi. Akafunga mpya. Ufunguo ulipozungushwa taa iliwaka. Injini ilipounguruma ikazimika, kama ipasavyo.

Basi mjumbe wangu alikuwa mwongo. Lakini kosa langu lilikuwa kubwa kuliko lake: hata ujumbe wake sikuuelewa.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Tunapojadili istilahi, aghalabu tunauliza kama neno ni la Kibantu au la mkopo. Wataalamu wametupa "kanieneo", neno zuri ajabu: kani juu ya eneo, maana yote imo ndani. Hospitalini tunasema "shinikizo la damu". Gereji husema "presha". Vilevile wapo wanaopendelea "kihisi", kwa kuwa "sensa" kwa Watanzania ni kuhesabu watu, kama tulivyohesabiwa mwaka 2022. Nami nalipenda "kihisi". Hata hivyo, sijaona fundi aliyechanganya kifaa na karani wa sensa, muktadha humtosha.

Kilichonipotosha mimi hakikuwa neno la mkopo. Kilikuwa jina pungufu. "Taa ya oili" na "taa ya presha" yote yana maneno ya kukopa, lakini moja lilinituma dukani, na lingine lingenifanya nizime injini. Kipimo cha kwanza cha istilahi, kwa maoni yangu, ni hicho: je, humwongoza mtumiaji kutenda lililo sahihi? Usanifu na asili ya neno vifuate baadaye.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya vyuma tuwaachie mafundi. Mimi nasema tuwafuate huko huko, na kila orodha ya istilahi za ufundi ipite gereji kabla ya kupita mtambo wa uchapaji.

Nyumbani kwangu sasa taa ile inaitwa "taa ya presha ya oili". Ni jina refu, lakini wanangu wanajua kwamba ikiwaka, gari huegeshwa na kuzimwa kwanza. Maswali huja baadaye.