Kuba la Dhahabu na ngitili ya Shinyanga



Katika mji mmoja mdogo wa wachimbaji mkoani Geita, baada ya ibada, kijana anayefanya kazi kwenye karasha alinifuata hadi chini ya mwembe. Katika maombi ya siku ile tulikuwa tumemsihi Mungu aiepushe dunia na vita vya nyuklia. Akaniuliza bila dharau yoyote: "Mwalimu, hayo mabomu ni ya wakubwa huko mbali. Sisi tunaomba duara lisitufukie na zebaki isiingie kwenye maji ya watoto. Ya nyuklia yanatuhusu nini?"

Swali lake ni zuri, na pengine nawe umewahi kujiuliza hivyo. Nilimjibu kwa kifupi pale. Leo naomba nikujibu wewe kwa urefu kidogo.

Kwanza, yanatuhusu kwa sababu ya udongo. Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilitengenezwa kwa urani, na sehemu kubwa ya urani hiyo ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga, nchi jirani ya Kongo. Waliochimba walikuwa Waafrika wakifanya kazi chini ya kampuni ya Kibelgiji. Walibeba mawe yale kwa mikono yao, na hakuna aliyewaambia yanakwenda kufanya nini. Hadi mwisho wa mwaka ule, watu wanaokadiriwa kufikia 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima. Ndugu yangu wa Nyarugusu, wa Kahama, wa Mwadui, wewe unajua maana ya kutoa kitu ardhini na kutokijua tena kikishapita kwa mnunuzi. Nchi yetu nayo ina urani, kule Mto Mkuju wilayani Namtumbo. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba jambo hili liko mbali. Limewahi kuanzia kwenye shimo la mchimbaji wa Kiafrika.

Pili, yanatuhusu kwa sababu ya mvua. Wanasayansi wamekadiria kwamba moshi wa miji inayoungua katika vita vya nyuklia ungepanda juu sana angani, ukalizuia jua na kupunguza mavuno duniani kote kwa miaka. Mkulima wa Kishapu anayehesabu siku za mvua kwa vidole hahitaji kufafanuliwa hilo. Hatakuwa amepigana na mtu, lakini ghala lake litakuwa tupu.

Tatu, yanatuhusu kwa sababu ya imani. Tarehe 6 Agosti makanisa mengi huadhimisha Kugeuka Sura kwa Bwana, siku ambayo wanafunzi waliona mlimani nuru iliyowafanya watamani kubaki. Siku hiyohiyo binadamu aliwasha nuru nyingine, iliyoteketeza. Siku tatu baadaye bomu la pili lilianguka Nagasaki, karibu na kanisa kuu la Urakami. Waamini waliokuwa ndani wakiungama waliangamia pamoja na mapadre wao. Kasisi wa kijeshi aliyewahudumia marubani wa Marekani, Padre George Zabelka, alikuja kukiri hadharani baada ya miaka mingi kwamba alikosa kwa kunyamaza. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuzunguka akihubiri amani. Mtu aliyebariki njia ya bomu alitubu. Sisi ambao hatukuibariki tunazuiwa na nini kusema?

Sasa tuangalie habari za siku hizi. Mwezi Mei 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitangaza mpango wa ngao kubwa ya kuzuia makombora, sehemu yake ikiwa angani, kwa gharama aliyoitaja kuwa dola bilioni 175. Jina lake ni Golden Dome, yaani Kuba la Dhahabu. Sisi tunaoishi juu ya dhahabu tuna haki ya kutabasamu kidogo. Tunajua kwamba si kila king'aacho kwenye karai huwa na uzito kwenye mizani.

Utaniuliza: kuna ubaya gani mtu kujikinga? Nehemia naye alijenga ukuta. Ni kweli, na ngao dhidi ya roketi ndogo zimeokoa maisha ya raia. Lakini katika silaha za nyuklia hesabu hubadilika. Fikiri majirani wawili, kila mmoja ana panga, na kila mmoja anamwogopa mwenzake. Siku mmoja akipata ngao, yule wa pili hasemi, "Jirani yangu ametulia." Anasema, "Sasa anaweza kunikata bila kuumia." Kesho yake anatafuta mapanga mawili zaidi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1972 Marekani na Umoja wa Kisovieti walielewana kuwekeana mipaka katika ngao za makombora, kwa sababu waliona kwamba ngao huzaa mikuki. Mwaka 2002 Marekani ilijitoa katika mkataba huo. Mwaka 2018 Rais Putin wa Urusi alionyesha aina mpya za makombora, akasema wazi kwamba ni jibu kwa ngao hizo. Mkataba wa mwisho uliobaki kati yao wa kupunguza silaha za masafa marefu uliwekewa ukomo wa tarehe 5 Februari 2026. Na duniani bado kuna vichwa vya nyuklia zaidi ya 12,000.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 13, aliwakemea waliowatangazia watu amani wakati amani haipo. Aliwafananisha na watu wanaopaka chokaa ukuta dhaifu ili uonekane imara, hadi mvua kubwa ikaja. Sijui mfano unaofaa zaidi ya huo.

Wapo wanaosema kwamba mabomu haya yametunza amani kwa miaka 80. Lakini usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, mitambo ya Kisovieti ilionyesha kwamba makombora ya Marekani yanakuja. Afisa wa zamu, Stanislav Petrov, aliamua kwamba mitambo imekosea, na kweli ilikuwa imekosea. Amani inayoning'inia kwenye busara ya mtu mmoja wa zamu ya usiku inafanana na duara lisilo na magogo ya kushikilia kuta. Kwamba halijaanguka hadi leo haina maana kwamba ni salama.

Usidhani kwamba Mwafrika katika habari hii ni mtazamaji tu. Desemba 1959, Ufaransa ilipojiandaa kujaribu bomu lake Sahara, kundi la wapinzani wa silaha hizo liliondoka Accra kwa magari kwenda kuzuia jaribio kwa miili yao. Walikuwamo Waghana, kasisi Mwanglikana Michael Scott, na Mmarekani mweusi Bill Sutherland. Walizuiwa, na bomu likalipuka tarehe 13 Februari 1960. Sutherland baadaye alihamia Dar es Salaam, akaishi nasi miaka mingi.

Kisha akaja Mwalimu Nyerere. Mwezi Mei 1984 alitoa wito wa pamoja na Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, Raúl Alfonsín wa Argentina, Miguel de la Madrid wa Mexico na Andreas Papandreou wa Ugiriki. Januari 1985, baada ya Indira Gandhi kuuawa, viongozi hao walikutana Delhi na mwanawe Rajiv. Walidai majaribio na utengenezaji wa silaha za nyuklia visimame, na anga la juu lisigeuzwe uwanja wa vita. Wakati huo Rais Reagan alikuwa akipanga ngao yake ya angani. Oktoba 1986, huko Reykjavik, Reagan na Gorbachev walikaribia kukubaliana kuziondoa kabisa silaha hizi. Walikwama kwenye ngao hiyohiyo. Mwalimu na wenzake walikuwa wameona sawasawa.

Katika miaka ileile, hapa Shinyanga kulikuwa na shida nyingine. Miti ilikuwa imefyekwa kwa miongo mingi, kwa sababu ya mbung'o, kwa sababu ya pamba, kwa sababu ya kuni. Ardhi ikabaki uchi. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na busara yake kubwa ilikuwa kurudi kwenye kitu ambacho Wasukuma walikijua tangu zamani: ngitili. Eneo la malisho hufungwa wakati wa masika, halafu hufunguliwa kiangazi kikikaza. Mamia ya maelfu ya hekta yalirudi kuwa kijani.

Fikiri jinsi ngitili inavyofanya kazi. Haina ukuta. Inasimama kwa sababu kila mwenye ng'ombe amekubali kuwazuia ng'ombe wake, akiamini kwamba na jirani atawazuia wa kwake. Anayevunja sheria huitwa mbele ya dagashida na hulipa faini. Mmoja akiingiza mifugo kwa siri, wote wataingiza, na kiangazi kitawaua ng'ombe wa wote. Huo, mpendwa, ni mkataba wa kupunguza silaha. Mzee wa Meatu au Bariadi asiyejua kusoma anauelewa kuliko majemadari wengi.

Na Afrika imekwisha kuifunga ngitili yake. Mkataba wa Pelindaba, uliofunguliwa Cairo mwaka 1996 na kuanza kufanya kazi mwaka 2009, umelifanya bara letu kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Mwaka 2017 nchi 122 zilipitisha katika Umoja wa Mataifa mkataba wa kuzipiga marufuku kabisa. Tanzania ilitia saini tarehe 26 Septemba 2019. Saini ni uchumba; kuridhia ndiyo ndoa. Mbunge wako atakapokuja kusalimia kanisani, baada ya kumuuliza habari za barabara na maji, muulize pia kuridhia mkataba huo kumefikia wapi.

Lakini nisimalizie kwa kuwasema wakubwa peke yao. Katika mikoa yetu hii tumewahi kuwaua bibi zetu kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Wekundu ule ulitokana na moshi wa jikoni, wa miaka mingi ya kutupikia. Aliyeshika panga alijiambia anajilinda: nisipomwahi, ataniroga. Maneno hayo ndiyo yanayosemwa katika vyumba vya kurushia makombora: tusipowahi, watatuwahi. Hofu ni ileile, tofauti ni ukubwa wa silaha. Anayetaka kuhubiri dhidi ya bomu aanze kwa kumtembelea mama mzee anayeogopwa na mtaa, aketi naye, anywe uji wake mbele ya watu.

Bwana wetu usiku wa kukamatwa kwake alimwamuru Petro arudishe upanga mahali pake, na Petro alikuwa na sababu nzuri kuliko zote za kujilinda. Luka naye, katika sura ya 14, anatupa mfano wa mfalme mwenye akili. Alipoona hesabu ya vita haiwezekani, alituma wajumbe kuomba amani wakati adui yu mbali bado.

Kwa hiyo nilimwambia yule kijana wa karasha: endelea kuombea maji ya watoto na usalama wa duara. Ukimaliza, ongeza sentensi moja kwa ajili ya mabomu. Ni ombi lilelile, kwamba kilichotoka ardhini kisiue walio juu yake.

Tuombe. Ee Bwana, ondoa hofu mioyoni mwa wenye nguvu, na mioyoni mwetu pia. Utufundishe kuzuia ng'ombe wetu kwanza. Amina.

Jumapili njema.