Saa Kwisha Si Jaribio Kwisha: Risala ya Wazazi kwa Kamati ya Ligi



Tunashukuru kuruhusiwa kusoma risala hii kwa Kiswahili, mkalimani akiwa kando yenu. Sisi ni wazazi wa vijana wa miaka 13 na 14. Wengi wetu tulitoka Kongo, tukaishi kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, kisha tukaletwa hapa Marekani. Mpira huu wa Kimarekani, wa umbo la yai, tumeujulia hapa, na walimu wetu ni watoto wetu wenyewe. Kwa hiyo kanuni zake tumezisoma kifungu kwa kifungu, kamusi mkononi.

Malalamiko yetu yanaanzia mechi ya mwisho ya msimu uliopita. Vijana wetu walikuwa nyuma 14 kwa 7, zimebaki sekunde 4. Mpira ukarushwa kona ya kulia, ukadakwa ndani ya eneo la mwisho, mwamuzi wa pembeni akainua mikono yote miwili. Tachidauni, pointi 6. Ubao ukasoma 14 kwa 13, saa ikasoma sifuri. Mpigaji wetu akaingia mbio na kigoda chake cha plastiki, kile cha inchi 2 cha kusimamishia mpira. Akakiweka kwenye nyasi, akarudi nyuma hatua tatu, akasogea kushoto hatua mbili, akainamisha kichwa kusubiri. Alipoinua macho, refa mkuu alikuwa amepuliza kipenga, kaupakata mpira, anaelekea kwenye maegesho ya magari. Kocha wetu alimkimbilia. Akajibiwa maneno mawili: muda umekwisha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, jaribio, yaani nafasi ya kutafuta pointi ya nyongeza baada ya tachidauni, halichezwi kwa saa. Tachidauni ikifungwa saa inasimama, na haitembei tena hadi baada ya mpira wa kuanzia upya kupigwa. Hata jaribio la robo ya kwanza linachezwa saa ikiwa imelala. Sisi tuliokulia kwenye soka tunalijua jambo hili tangu utotoni: penalti ikitolewa dakika ya mwisho, refa huongeza muda ili ipigwe. Hakuna refa wa mtaani aliyewahi kumnyang'anya mpigaji mpira kwa sababu dakika 90 zimetimia.

Ndivyo ilivyo hata kwenye NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani. Tarehe 21 Desemba 2003, mjini Jacksonville, New Orleans Saints walikuwa nyuma kwa pointi saba kama sisi. Wakapokezana mpira mkono kwa mkono uwanja karibu mzima, wakafunga tachidauni saa ikiwa sifuri. Wakawa nyuma 20 kwa 19. Hakuna aliyesema muda umekwisha. Mpigaji wao, John Carney, aliitwa, akasimama, akapiga, mpira ukapita kulia mwa nguzo. Saints wakapoteza mechi na nafasi ya kuendelea. Carney alikosa, lakini alipewa apige. Kijana wetu hata kukosa hakupewa.

Barua ya Kamati ilitujibu kwamba siku hizi hata NFL imeacha pointi ya nyongeza baada ya muda kwisha. Kwa heshima zote, barua hiyo imechukua nusu ya kanuni. Mabadiliko ya NFL yalikuja mwaka 2018, baada ya mechi ya tarehe 14 Januari mjini Minneapolis. Stefon Diggs alidaka mpira akafunga tachidauni ya yadi 61, muda ukaishia hapo, timu yake ya Minnesota Vikings ikawa mbele ya Saints haohao 29 kwa 24. Kanuni ya wakati huo ililazimu jaribio lichezwe hata hivyo. Ilibidi wachezaji wa Saints waliokwisha kuingia vyumbani waitwe warudi, waje kumtazama Case Keenum wa Vikings akipiga goti na mpira mkononi. Kanuni ikarekebishwa, na ndiyo sababu Miami Dolphins walipowafunga New England Patriots 34 kwa 33 tarehe 9 Desemba mwaka huohuo kwa mchezo wa mwisho, hakuna kilichofuata. Lakini timu zote hizo zilikuwa zimeshashinda! Aliye nyuma kwa pointi moja au mbili hakuondolewa haki yake na NFL, wala vyuo vikuu, wala shule za sekondari.

Vyuo vikuu vina sababu yao ya kwenda mbali zaidi: kwao timu inayozuia ikiunyakua mpira wa jaribio na kuufikisha upande wa pili inapata pointi 2, kwa hiyo hata anayeongoza kwa moja au mbili lazima acheze. Kijitabu cha ligi yetu, ukurasa wa kwanza, kinasema tunafuata kanuni za sekondari, ambako anayezuia hapati pointi kwenye jaribio. Hapo hesabu ni nyepesi. Aliyefunga akawa mbele, au akabaki nyuma kwa zaidi ya pointi mbili, jaribio lake linaachwa, isipokuwa kama pointi zinahesabiwa katika kufuzu. Sisi tulikuwa nyuma kwa moja.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba wiki tatu kabla ya mechi hiyo, ligi hiihii ilifanya kinyume. Wapinzani walifunga saa ikiisha, wakawa mbele kwa pointi 18, na refa akawaamuru vijana wetu wajipange kuzuia jaribio. Katika msukumano huo mtoto mmoja alivunjika kifundo cha mguu. Mama yake yupo safu ya pili hapa. Alilipa kiatu cha matibabu kutoka mfukoni mwake, kwa mchezo ambao usingebadilisha mshindi.

Hatuombi timu iliyosonga mbele inyang'anywe nafasi yake. Watoto wale hawana kosa. Tunadai kumbukumbu za ligi ziandike kwamba mechi yetu ilifungwa bila jaribio lililostahili. Tunadai gharama za kiatu zirudishwe kwa mama yule kabla ya mazoezi kuanza Agosti, na kila refa afanyiwe mtihani wa kifungu hiki kabla ya kupewa kipenga. Kamati itamke kwa maandishi kama tofauti ya pointi inahesabiwa katika kufuzu, maana bila kauli hiyo refa hawezi kujua lini jaribio liachwe na lini lichezwe. Na tachidauni ikifungwa saa ikiwa sifuri, refa mkuu aziite timu zote mbili, awatangazie makocha uamuzi na sababu yake, ndipo mtu yeyote aondoke uwanjani.

Kigoda cha kijana wetu tumekiweka hapo mezani mbele yenu. Tutakuja kukichukua siku ya kupewa majibu.