Kompyuta Yawaka, Kioo Giza



Kompyuta ya ofisi ya msikiti wetu hapa Bukoba iliwaka, feni ikazunguka, lakini kioo kikabaki cheusi. Ndani yake mna orodha ya mayatima wa Bukoba na Muleba. Fundi mmoja akatuambia bodi kuu imekufa, tununue mashine mpya. Fedha pekee tuliyokuwa nayo ni karo ya mayatima hao. Tukaona tusiiguse kabla ya kuchunguza.

Tulianza na jepesi: tukajaribu kioo na waya wake kwenye mashine nyingine, vikawa vizima. Kisha tukachomoa umeme, tukabonyeza kitufe cha kuwashia ili uliobaki ndani uishe, tukagusa chuma cha kasha kuondoa umeme tuli mwilini. Tukatoa ramu zote mbili, tukasugua taratibu meno yake kwa raba ya penseli, kwani vumbi na unyevu huyachafua. Tukarudisha moja, kioo kikawaka. Tukaongeza ya pili, giza likarejea. Mbovu ilikuwa hiyo, si bodi.

Ingeshindikana, tungetoa kwa dakika chache betri bapa mfano wa sarafu, ili mipangilio irudi ya mwanzo.

Nanyi mkumbuke: hata bodi ikifa, kumbukumbu hukaa kwenye diski, nayo huweza kuhamishiwa mashine nyingine. Sasa tunaweka nakala ya pili kwenye flashi. Mali ya yatima ni amana, na orodha yake pia ni amana.

Wabillahi tawfiq.