Kiyoyozi Kinachotia Joto

Baridi imeshabisha hodi, na maswali yaliyotufikia katika safu hii yanahusu kitu kimoja: ile mashine nyeupe iliyopachikwa juu ukutani, ambayo mwenzake amekaa nje akivuma. Baadhi yenu mnataka kujua inafungwaje. Wengi zaidi mnapigiwa simu na wazazi, mashangazi na majirani usiku wa manane, mkatafsiri kati yao na fundi. Tutajibu yote mawili, kwa sababu mtoto anayelala kwenye chumba cha baridi hawezi kusubiri mpaka tukubaliane juu ya istilahi.

Hata hivyo, tuanze na jina. Aliyekulia Dar es Salaam, Mombasa au Maskati anaijua mashine hii kama kiyoyozi, na kazi yake ni kupoza. Hapa Maine mashine ya aina hiyo hiyo hununuliwa hasa kwa kazi ya pili, yaani kutia joto, na huitwa pampu ya joto. Jimbo hili linategemea mafuta kupasha nyumba joto kuliko jimbo lolote jingine la Marekani, na bei ya mafuta hupanda na kushuka bila kumuuliza mtu. Ndiyo maana mwaka 2019 serikali ya jimbo iliweka lengo la kufunga pampu za joto 100,000 kufikia mwaka 2025. Lengo lilitimia mwaka 2023. Kwa hiyo jamaa zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda wanaohamia Portland na Lewiston huikuta mashine ukutani, na anayewaeleza namna ya kuitumia kwa lugha yao ni nadra.

Jina la pampu linaisadifu. Pampu ya maji haitengenezi maji, bali huyatoa kisimani na kuyapandisha tangini. Mashine hii nayo haitengenezi joto kama jiko. Inalitoa nje na kulileta ndani. Mtu atauliza: joto gani lipo nje wakati theluji imefika magotini? Lipo. Gesi inayozunguka ndani ya mabomba ya shaba hupoa kuliko hewa ya nje, kwa hiyo hulinyonya joto la hewa hiyo hata kama ni dogo. Kompresa huibana gesi ikawa moto, kisha ile mashine ya ndani huutoa moto huo chumbani. Kwa kipimo kimoja cha umeme unaweza kupata vipimo viwili au vitatu vya joto. Kadiri baridi inavyozidi, faida hiyo hupungua, lakini mashine zilizotengenezwa kwa nchi za baridi huendelea kufanya kazi hata kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri.

Sasa tuje kwenye kufunga. Jambo la kwanza ni ruhusa. Mpangaji asitoboe ukuta bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. La pili ni ukubwa. Mashine ndogo za nyumbani zinazoonekana sana ni za BTU 12,000 kwa saa, sawa na kilowati 3.5 hivi. Usidhani kubwa zaidi ni bora zaidi. Mashine iliyozidi chumba huwaka na kuzima kila mara, hula umeme na kuchakaa mapema.

Mashine ya ndani hupachikwa juu, mahali ambapo upepo wake hauzuiwi na kabati wala pazia. Bamba la chuma la kuishikilia lifungwe kwa skrubu zinazoingia kwenye nguzo za mbao zilizo ndani ya ukuta, si kwenye ubao laini wa jasi peke yake. Wekeni pima maji juu ya bamba kabla ya kukaza. Kisha hutobolewa tundu la sentimita 7 hivi kupitia ukuta, nalo liinamie nje kidogo. Mwinamo huo ndio unaotoa maji ya kiangazi, wakati mashine inapopoza. Tundu likiinamia ndani, maji yatateremka kwenye ukuta wenu, na kuvu hawatachelewa.

Mashine ya nje isikae chini kabisa. Iwekwe juu ya stendi au mabano ya ukutani, juu ya kimo cha theluji ya kawaida ya mahali hapo, na isiwekwe chini ya ukingo wa paa unaodondosha maji na barafu. Nyuma yake pabaki nafasi ya kupitisha hewa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Mabomba yote mawili ya shaba yavikwe sponji, kila moja peke yake, na tundu lizibwe vizuri ili panya na upepo visipite.

Kazi hizo za ukuta, stendi na sponji mtu mwenye mkono wa ufundi anaweza kuzifanya. Baada ya hapo tunapendekeza mkono wenu usimame. Umeme wa mashine hizi aghalabu ni wa volti 240, nao unahitaji sakiti yake yenyewe pamoja na swichi ya kukatia iliyo karibu na mashine ya nje. Mwiteni fundi umeme mwenye leseni. Na gesi ina sheria yake: kwa mujibu wa kifungu cha 608 cha Sheria ya Hewa Safi ya Marekani, fundi anayefanya kazi inayoweza kuiachia gesi hiyo angani lazima awe na cheti.

Cheti hicho kina sababu. Midomo ya mabomba hupanuliwa kwa kifaa maalumu na kukazwa kwa spana inayopima nguvu. Ikilegea gesi huvuja, ikizidi shaba hupasuka. Kisha fundi hujaza naitrojeni kwa shinikizo ili kutafuta tundu, huku akipaka povu la sabuni kwenye viungo. Baada ya hapo huunganisha pampu ya kufyonza hewa mpaka kipimo kishuke chini ya mikroni 500, huizima na kusubiri. Kipimo kikipanda, kuna uvujaji au unyevu. Kikitulia, ndipo hufungua vali na kuiachia gesi. Kama mnamtafsiria mzazi, mwulizeni fundi swali hili moja: umefyonza hewa hadi mikroni ngapi? Fundi mzuri atawaonyesha kipimo. Anayesema si lazima, mshukuruni kwa kuja na mtafuteni mwingine.

Zipo pia mashine zinazouzwa zikiwa na mabomba yenye gesi tayari, kwa ajili ya watu wanaojifungia wenyewe. Hizo hupunguza kazi ya gesi, lakini hazipunguzi kazi ya umeme, na kabla ya kununua someni masharti ya dhamana, kwani mengine humtaka fundi mwenye leseni.

Upande wa matatizo, mengi ya yanayotufikia si ubovu. La kwanza ni rimoti. Ina alama ya jua, ya chembe ya theluji, ya tone la maji na ya feni. Wapo wanaoiona theluji dirishani, wakabonyeza alama ya theluji. Hiyo ni ya kupoza! Wakati wa baridi shikeni jua. Tone ni la kukausha unyevu, na feni ni upepo mtupu. Alama ya kujiamulia nayo iacheni, maana mashine inaweza kuchagua kupoza jua la mchana likipenya madirishani.

La pili ni "moshi". Mashine ya nje ikivukiza mvuke mweupe asubuhi ya baridi, msiite zimamoto. Barafu imejijenga juu ya mapezi yake, nayo inajiyeyusha kwa kuligeuza joto nje kwa muda. Wakati huo feni ya ndani husimama, na chumba hukosa joto kwa dakika 5 hadi 10 hivi. Ngojeni tu. Lakini barafu ikiifunika mashine nzima na isitoke kwa saa kadhaa, zimeni na kumpigia fundi. Msiipige kwa kisu wala nyundo, kwani mapezi ni laini na mabomba yako nyuma yake.

La tatu ni joto hafifu. Fungueni kifuniko cha mbele baada ya kuzima mashine, mtoe chujio. Likiwa limejaa vumbi, lisafisheni kwa maji ya vuguvugu, likauke kivulini, kisha mlirudishe. Fanyeni hivyo kila baada ya wiki mbili hadi nne. Tazameni nje pia: theluji isizibe mbele wala nyuma ya mashine. Na msizime kila mkitoka. Jiko la mafuta hupandisha joto haraka, lakini pampu hii hupenda kwenda polepole bila kukoma. Iwekeni kwenye nyuzi 20, ambazo kwenye rimoti za hapa ni 68, na muiache.

La nne ni maji yanayodondoka ndani wakati wa kiangazi. Mara nyingi mpira wa kutolea maji umeziba au umepinda. La tano ni taa inayopepesa. Hesabuni mipepeso au andikeni herufi na namba zinazoonekana, kisha zitafuteni kwenye kitabu cha mashine. Kumwambia fundi namba hiyo kwa simu kunaweza kuokoa safari nzima. La sita ni sakiti breka iliyoruka. Irudisheni mara moja. Ikiruka tena, iacheni, maana inawaambia kitu.

Limebaki jambo ambalo hatutaki mtu alisahau. Dhoruba za theluji hukata umeme, na umeme ukikatika mashine hii husimama. Kwetu, baridi ikizidi, wengi tumezoea kuvuta jiko la mkaa karibu. Katika nyumba za hapa, zilizozibwa kila ufa, jiko la mkaa ndani ni kifo. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Jenereta nayo ikae nje, mbali na madirisha. Nunueni king'ora cha gesi hiyo, wekeni blanketi karibu, na kabla ya majira ya baridi jueni ni jirani gani au ukumbi gani mtakwenda. Waambieni hivyo wazazi kwa Kiswahili, polepole, na muwaombe wairudie kwa maneno yao wenyewe.

Walimu wetu, tunawaachia swali la istilahi: je, tuendelee kuiita kiyoyozi, au pampu ya joto ipewe nafasi yake kwenye kamusi? Sisi tumeona kwamba bibi anayeambiwa "kiyoyozi" hukiogopa wakati wa baridi na kukizima. Anayeambiwa "pampu ya joto" huiwasha. Tuleteeni maoni yenu kabla ya toleo lijalo, na kila mwenye rimoti nyumbani kwa wazazi wake aende akabandike kipande cha karatasi kwenye ile alama ya jua: JOTO.